Jina Tupu Halipandishi Tovuti

Mwenye kampuni ndogo ya utalii Arusha au Mombasa akitaka tovuti yake ionekane juu kwenye Google, hakosi kukutana na fundi mwenye ushauri huu: nunua majina mengine matano ya kikoa, yenye maneno kama "safari", "Serengeti" na "bei nafuu" ndani yake. Jina la .com ni dola kumi na kitu kwa mwaka. Yaache yakae tu, au yaelekezwe yote kwenye tovuti kuu, kisha subiri. Google itayaona maneno hayo na tovuti itapanda kutoka ukurasa wa nne hadi wa kwanza.

Mteja analipa. Miezi inapita, tovuti iko palepale, na mwaka ukigeuka zinaingia ankara sita badala ya moja.

Si kwamba mafundi wote wanaotoa ushauri huo ni matapeli. Wengi waliupata kwa waliowatangulia, na zamani ulikuwa na ukweli ndani yake. Zama hizo zimepita. Kilichobaki hai ni tawi moja la biashara ya majina, lile la kununua majina yaliyoachwa na wenyewe, na hilo linaishi kwa kudandia sifa zilizojengwa na watu wengine. Ndiyo maana swali la kama majina yasiyotumika yanapandisha tovuti lina majibu mawili. Jina ambalo halijawahi kutumika halisaidii kitu. Lililowahi kutumika likaachwa laweza kusaidia kwa muda, na kadiri linavyosaidia ndivyo linavyomdanganya msomaji.

Tuanze na jina jipya. Google hufanya kazi kwa hatua tatu: roboti zake hutembelea kurasa, kilichosomwa huhifadhiwa kwenye faharasa, kisha mtu akiuliza jambo, mfumo huchagua majibu kutoka kwenye faharasa hiyo. Zinazoshindana ni kurasa. Jina lililosajiliwa na kukaa bila ukurasa halina cha kusomwa, na lisilosomwa haliwezi kupangwa popote. Mara nyingi msajili, yaani kampuni iliyouza jina, huweka hapo ukurasa wake wa muda, wenye maandishi ya "jina hili linauzwa" na matangazo chungu nzima. Desemba 2011 Google ilieleza kwamba imeunda mfumo mpya wa kuzitambua kurasa za namna hiyo, zisije zikajaa kwenye matokeo.

Kulielekeza jina hilo kwenye tovuti kuu hakubadilishi hesabu. Uelekezaji wa kudumu, ule ambao mafundi wanauita 301, huhamisha nguvu ya linki zilizokuwa zinaielekea anwani ya zamani. Jina lililonunuliwa juzi halina linki hata moja, na sifuri ikihamishwa inabaki sifuri. Fundi akiamua kuonyesha tovuti ileile chini ya majina yote sita, Google huchagua anwani moja kuwa ndiyo ya asili na kuziweka nyingine kando. Akizidisha, akatengeneza tovuti sita zinazotofautiana kidogo tu, kila moja ikimsukuma mteja kwenye duka lilelile, ameingia penye katazo. Sera za Google dhidi ya taka zinataja waziwazi mtindo wa kuwa na tovuti au majina mengi yaliyobadilishwa kidogo ili kunasa watafutaji wengi zaidi. Adhabu yake ni kushushwa au kufutwa kabisa kwenye matokeo.

Imani hii ilianza zamani. Miaka ya mwanzo ya intaneti ya umma, watu wengi walikuwa wanaandika neno wanalolitaka, wanaongeza .com, na kubonyeza. Mwenye jina la neno hilo alipata wateja bila kutangaza popote. Injini za utafutaji nazo ziliyapa uzito maneno yaliyomo kwenye anwani, hivyo tovuti nyepesi yenye jina linalofanana neno kwa neno na kilichotafutwa iliweza kuipita tovuti nzito yenye jina la kawaida. Mwaka 2010 kampuni ya Marekani ya QuinStreet ilinunua Insurance.com kwa dola milioni 35.6 na CarInsurance.com kwa dola milioni 49.7. Fedha hizo zililipia pia biashara zilizokuwa zinaendelea, zenye wageni na wateja tayari. Lakini wasimulizi walishika bei na jina, wakaacha mengine.

Miaka miwili baadaye mlango huo ulifungwa. Tarehe 28 Septemba 2012, Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi cha Google cha kupambana na taka, alitangaza kupitia Twitter kwamba badiliko dogo la algoriti litapunguza tovuti duni zenye majina yanayofanana na maneno ya utafutaji. Alisema lingegusa asilimia 0.6 ya utafutaji wa Kiingereza nchini Marekani. Ni sehemu ndogo, ila kwa walioegemeza biashara nzima kwenye majina ilikuwa pigo. Siku hizi mwongozo ambao Google huwapa wanaoanza kutengeneza tovuti unasema wazi kwamba maneno yaliyomo kwenye jina la kikoa, yakiwa peke yake, karibu hayana athari yoyote kwenye nafasi ya ukurasa. Kuhusu herufi za mwisho, mwongozo huo unasema zina maana pale unapolenga watumiaji wa nchi fulani, na hata hapo ni ishara hafifu. Duka la Dodoma lenye anwani ya .co.tz au la Kisumu lenye .co.ke linapata faida hiyo ndogo kwa jina moja linalotumika. Majina kumi yaliyofungiwa kabatini hayaiongezi.

Kama jina halina uzito, uzito unatoka wapi? Larry Page na Sergey Brin walipokuwa wanafunzi Stanford, kabla ya kuianzisha kampuni ya Google mwaka 1998, walijenga hesabu waliyoiita PageRank. Kwa kifupi, linki kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine inahesabiwa kama kura, na kura ya ukurasa unaoaminika ni nzito kuliko ya ukurasa usiojulikana. Hesabu hiyo iliifanya Google kuwa bora kuliko wapinzani wake. Ilianzisha pia soko la kura. Wanunuzi wa kura waligundua upesi kwamba tovuti zilizotelekezwa ni mahali pazuri pa kuzipata, kwa kuwa hakuna mwenyewe wa kulalamika.

Kisa kinachoonyesha soko hilo lilivyokuwa ni cha JCPenney, kampuni kongwe ya maduka makubwa ya Marekani. Kipindi cha sikukuu za mwisho wa 2010, Mmarekani aliyetafuta magauni, matandiko, mazulia au samani za sebuleni aliikuta JCPenney juu kabisa, mara nyingi kwa miezi mfululizo. Gazeti la The New York Times lilimwomba mtaalamu wa nje achunguze kulikoni. Alikuta kurasa 2,015 zilizobeba linki za kuelekea kwenye tovuti ya JCPenney, zikiwa na maneno kama "magauni meusi" au "magauni ya jioni". Chache zilihusu mavazi walau kwa jina. Nyingine zilikuwa za uhandisi wa nyuklia, kasino, nyumba za kuuza Bulgaria, kukoroma, uvuvi, vigae vya bafuni na madaktari wa meno. Baadhi zilionekana zimetelekezwa kabisa, kitu pekee kilicho hai ndani yake kikiwa ni hizo linki.

Gazeti liliipelekea Google ushahidi huo. Jumatano ya tarehe 9 Februari 2011, saa 1 usiku kwa saa za New York, JCPenney ilikuwa ya kwanza kwa mtu anayetafuta mabegi ya Samsonite ya kuingia nayo kwenye ndege. Saa 3 usiku ilikuwa ya 71. Kwa samani za sebuleni ilishuka muda huohuo kutoka nafasi ya kwanza hadi ya 68. Mporomoko wa usiku ule ulitoka kwa watu: wafanyakazi wa Google waliishusha kwa mkono baada ya kuambiwa na waandishi wa habari. JCPenney ilisema haikuidhinisha linki hizo wala haikuzijua, na ikaachana na kampuni iliyokuwa ikiishauri kuhusu utafutaji. Mwaka uliofuata, Aprili 2012, Google ilitoa Penguin, badiliko lililolenga moja kwa moja linki za kununua na za kupandikiza.

Wafanyabiashara hawakukata tamaa, walibadilisha bidhaa. Badala ya kupachika linki kwenye tovuti ya mtu aliyeisahau, walianza kulinunua jina lenyewe pindi mwenyewe anapoacha kulilipia.

Jina la .com halifi kwa siku moja. Tarehe ya mwisho ikipita, msajili anaweza kumpa mwenyewe hadi siku 45 za kulihuisha. Akinyamaza, linaingia kipindi cha siku 30 ambacho bado anaweza kulikomboa kwa ada kubwa zaidi. Halafu zinafuata siku tano za kusubiri kufutwa, ambazo hakuna mtu wa kuligusa. Siku hizo zikiisha jina linaachiwa, na kama lina historia nzuri halimalizi sekunde. Kompyuta za kampuni zinazoishi kwa kuyawahi majina ya namna hiyo zinakuwa zimeshapeleka maombi mfululizo, ya kwanza kufika ndiyo inayopata. Mengi hayafiki hata hapo, kwa sababu wasajili huyapeleka mnadani mapema. Wanunuzi huingia na orodha ya linki zinazolielekea jina, huangalia kwenye hifadhi ya Internet Archive tovuti ya zamani ilikuwaje, na hupima alama za mamlaka zisizozidi 100 zinazotolewa na kampuni kama Moz na Ahrefs. Wauzaji huzinadi alama hizo kana kwamba zimetoka Google. Ni makadirio ya kampuni hizo zenyewe, na Google imesema mara kadhaa kwamba haizitumii.

Kinachonunuliwa pale ni imani. Shule iliyoandikwa na gazeti la mkoa, hospitali ya hisani iliyotajwa na chuo kikuu, jarida lililonukuliwa na majarida mengine: wote waliweka linki kwa sababu waliikubali kazi waliyoiona. Kazi inapofungwa, linki zinabaki kwenye kurasa za watu, zikimwelekeza msomaji kwa mwenye nyumba mpya asiyemjua.

The Hairpin ilianzishwa Marekani mwaka 2010. Ilikuwa tovuti ya uandishi wa wanawake, yenye ucheshi na sauti yake, na waandishi kadhaa waliopitia hapo walikuja kuwa na majina makubwa. Ilifungwa mapema 2018. Mwanzoni mwa 2024 jarida la Wired liliripoti kwamba jina lile limefufuka mikononi mwa mfanyabiashara wa Serbia mwenye maelfu ya tovuti, likiwa limejazwa makala zilizoandikwa na akili mnemba. Baadhi ya makala maarufu za zamani zilibakizwa, ila majina ya wanawake walioziandika yalikuwa yamebadilishwa yakawekwa ya wanaume. Wired ilieleza pia kisa cha Clayton County Register, gazeti dogo la jimbo la Iowa, ambalo anwani yake ya zamani iligeuzwa kiwanda cha makala za akili mnemba kuhusu hisa. Wakulima wa Iowa waliolijua gazeti hilo kwa miongo mingi hawakuhusika hata chembe.

Mtu anaweza kuuliza: kama mbinu inalipa, kosa liko wapi? Jina lilikuwa sokoni, mnunuzi akalipa, sheria haikuvunjwa. Ni hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Majina hukodishwa, na mtu akiacha kulipia pango, mpangaji mwingine ana haki ya kuingia. Ila mpangaji mpya anayebakiza kibao cha daktari aliyehama, akapokea wagonjwa wake, hawezi kusema amekodi chumba tu. Pia ni vigumu kuiita hii mbinu ya kuboresha tovuti, maana tovuti yenyewe haijaboreshwa chochote.

Google ilichelewa kulisema hilo kwa maandishi. Tarehe 5 Machi 2024 ilitangaza sera mpya dhidi ya taka, mojawapo ikiwa ya kukataza matumizi mabaya ya majina yaliyokwisha muda: kulinunua jina la zamani hasa kwa lengo la kuvuruga matokeo ya utafutaji, kwa kuliwekea maudhui yasiyo na thamani kwa msomaji. Mifano iliyotoa ni ya kawaida kabisa: maudhui ya kasino kwenye tovuti iliyokuwa ya shule ya msingi, bidhaa za tiba zinazouzwa kwenye tovuti iliyokuwa ya shirika la hisani la afya, matangazo ya kamisheni kwenye tovuti iliyokuwa ya wakala wa serikali. Sera hiyo haimzuii mtu kununua jina la zamani na kulijengea tovuti mpya ya kweli. Google ilitarajia kwamba mabadiliko ya mwezi ule yangepunguza maudhui duni kwenye matokeo kwa asilimia 40, na baadaye ikasema upungufu ulifika asilimia 45.

Takwimu hizo ni za Google yenyewe, na si vibaya kuzipokea kwa tahadhari. Kampuni hiyo haina rekodi safi ya kueleza mitambo yake. Wasemaji wake wamekana kwa miaka kwamba umri wa jina una faida yoyote. Mei 2024 zikavuja nyaraka zake za kiufundi, zaidi ya kurasa 2,500 zenye vipengele zaidi ya 14,000, na Google ikathibitisha kuwa ni za kweli huku ikionya zisisomwe nje ya muktadha. Humo kuna kipengele kinachohusu umri wa tovuti, kingine kinachotunza tarehe za jina kusajiliwa na kwisha muda, na kingine cha kushusha majina yanayofanana neno kwa neno na kilichotafutwa. Nyaraka hazionyeshi kila kipengele kina uzito gani, wala kama bado kinatumika. Wauza majina walizishangilia kama ushahidi wao. Ukizisoma kwa makini zinawaumiza: umri umetajwa pale kwa ajili ya kuziweka pembeni tovuti mpya za taka, tarehe za kwisha muda zinaiwezesha Google kujua jina limebadilisha mikono, na hicho kipengele cha tatu ni cha kushusha, hakipandishi.

Zipo sababu halali za kumiliki majina usiyoyatumia. Benki hununua majina yanayokosewa herufi moja ili walaghai wasiyawahi. Kampuni inayobadilisha chapa, kama Tigo ya Tanzania ilipokuwa Yas mwishoni mwa 2024, ina kila sababu ya kutunza anwani za zamani na kuzielekeza kwenye mpya, kwa sababu wateja na linki za miaka mingi bado viko huko. Ila hata jina zuri halivuti watu likikaa tupu: Elon Musk alilinunua jina la x.com kutoka PayPal mwaka 2017, na kwa muda ukurasa wake ulionyesha herufi moja tu. Jina lile fupi na la zamani lilikaa miaka bila tovuti ya maana. Thamani yake ilionekana Twitter nzima ilipohamia pale, uhamisho uliokamilika Mei 2024. Watu waliufuata mtandao waliokuwa wakiutumia tayari.

Mfanyabiashara wa Arusha au Mombasa, basi, angeitumia vizuri zaidi ile hela ya majina matano kwa kumlipa mwandishi na mpiga picha. Ukurasa mmoja unaoeleza kwa usahihi njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro ina siku ngapi, mgeni abebe nini, mvua za masika zinaanza lini na bei inajumuisha nini na nini hapana, una nafasi ya kupata linki kutoka kwa waandishi wa safari na wenye hoteli. Tovuti nyingi za utalii za ukanda huu zinanakiliana maelezo ya Serengeti neno kwa neno. Uwanja wa ushindani wa kweli uko wazi kuliko wenye biashara wanavyodhani.

Kwa Afrika Mashariki, hata hivyo, hatari kubwa ya majina yasiyotumika iko upande wa wanaoyaacha. Miradi ya wafadhili ya miaka mitatu au minne hufungua tovuti ya .org au .com, ikatajwa na wizara, vyuo na mashirika ya kimataifa, kisha bajeti ikiisha jina linaachwa life. Linki kutoka .go.tz, .ac.ke au tovuti za Umoja wa Mataifa ndizo hasa wanazozitafuta wanunuzi wa mnadani. Mama anayebonyeza linki kwenye waraka wa zamani wa wizara akitafuta maelezo ya chanjo anaweza kujikuta kwenye kamari.

Kinga yake si ghali. Shule na taasisi za umma zina majina yaliyowekewa masharti ya usajili, kama .sc.tz na .sc.ke kwa shule, .go.tz na .go.ke kwa serikali, ambayo kasino haiwezi kuyapata hata yakiachwa. Anayetumia .org au .com analisajili jina kwa akaunti ya taasisi badala ya barua pepe ya fundi au mratibu ambaye kesho atahama, na kwenye bajeti ya kufunga mradi anaweka ada ya miaka kumi ijayo. Jina la .com linaweza kulipiwa miaka kumi kwa mkupuo, kwa jumla isiyofika posho ya siku moja ya mshauri mwelekezi. Wizara na vyuo navyo vina kazi yao: kupitia linki za zamani kwenye kurasa zao walau mara moja kwa mwaka, na kuzifuta zile ambazo mwenyewe hayupo tena.